Diski Mpya Haionekani? Usinunue Mazabodi Bado

Leo tuweke programu kando tuongee kuhusu vyuma.

Huku Kibera na Kawangware laptopu nyingi ni zile zilizokwisha tumika ng'ambo: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na ndugu zao. Ni mashine imara, na njia rahisi ya kuifufua moja ni kutoa diski ya zamani na kuweka SSD. Lakini wakati mwingine unaweka, unawasha, kimya. Mashine inasema hakuna diski. Unampelekea fundi, anatikisa kichwa: "Mazabodi imeenda."

Maoni yangu ni kwamba mara nyingi mazabodi haijaenda popote. Diski iliuzwa bila mtu yeyote kuuliza inaenda kwenye mashine gani.

Chukua SSD za M.2, zile nyembamba kama chingamu. Nyingi zina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Kwa macho ni mapacha, lakini zinazungumza lugha mbili tofauti: SATA na NVMe. Laptopu nyingine huelewa SATA tu, nyingine NVMe tu, nyingine zote mbili. Sasa, SSD ya SATA yenye mapengo mawili inaingia vizuri kabisa kwenye nafasi ya NVMe tu, hata skrubu inafunga. Itaingia, na haitaonekana kamwe.

Jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, aliambiwa anunue mazabodi kwa pesa zinazokaribia kodi yake ya nyumba ya mwezi. Tulisoma modeli ya laptopu, tukatafuta maelezo ya mtengenezaji: NVMe tu. Diski aliyouziwa: SATA. Laptopu ilikuwa nzima. Muuzaji naye akakataa kuibadilisha diski kwa sababu pakiti ilikuwa imefunguliwa!

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa nyingine, fuata utaratibu huu:

1. Ingia kwenye BIOS. HP nyingi ni F10, ThinkPad ni F1, mara tu unapowasha. Kama diski haimo, zima mashine, chomoa chaja na betri, kisha toa diski na uichomeke upya. Bado? Linganisha aina yake na maelezo ya laptopu, halafu ijaribu kwenye mashine nyingine inayokubali aina hiyo.

2. BIOS inaiona, lakini umeiweka kama diski ya pili na Windows haikuonyeshi. Diski mpya huja tupu, haijagawanywa. Fungua diskmgmt.msc uiandae hapo. Angalizo: kama diski ina faili zako za zamani, usikubali kuiandaa upya, utazipoteza.

3. BIOS inaiona, lakini unapoweka Windows upya orodha ya diski iko tupu. Kwenye mashine nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, sababu ni mpangilio uitwao VMD. Weka draiva ya Intel RST kwenye flashi na uipakie hapo hapo. Diski itajitokeza.

Hakuna hatua hapo inayohitaji mazabodi.

Simlaumu sana fundi wa mtaani. Analetewa kifaa asichokichagua, hana diski ya pili ya kujaribia, na mteja amesimama hapo anataka jibu sasa hivi. Lawama yangu iko kwenye kaunta ya mauzo. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na pia ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kifungu cha 46, namba ile ile ya matatu ya Kawangware, kwa hiyo hutaisahau.

Nenda dukani na laptopu yenyewe. Taka risiti iandikwe SATA au NVMe. Diski ichomekwe na ionekane kwenye BIOS kabla hujalipa. Na muuzaji akikwambia "itaingia tu", mjibu: najua itaingia, swali ni kama itaonekana.