Gari lililokimbiwa na Honda likatwaa ubingwa

KAMPUNI ya Honda ya Japan ilipotangaza Desemba 2008 kwamba inajiondoa katika mashindano ya magari ya Formula One, ilionekana wazi kuwa gari jipya lililokuwa likiundwa katika karakana yake ya Brackley, Uingereza, huenda lisishindane kamwe. Miezi 10 baadaye gari hilo, likiwa na jina la Brawn BGP 001, lilikuwa bingwa wa dunia.

Ushindi huo umezoeleka kusimuliwa kama muujiza wa timu maskini iliyowashinda matajiri. Hata hivyo, ukweli wake una upande wa pili.

Mwaka 2008 Honda ilishika nafasi ya tisa kwa pointi 14 tu. Sababu mojawapo ni kwamba mkuu wa timu, Ross Brawn, aliamua mapema kuelekeza fedha na wahandisi katika gari la 2009, kwa kuwa kanuni za maumbo ya magari zilikuwa zinabadilika mno. Wakati wapinzani wakigombea taji la mwaka huo, Honda ilikuwa ikilipia ushindi wa mwaka uliofuata.

Kisha msukosuko wa uchumi wa dunia ukaporomosha mauzo ya magari, na Honda ikaondoka. Machi 2009 Brawn aliinunua timu. Injini ya Mercedes ilipachikwa katika gari lililosanifiwa kubeba ya Honda, na zaidi ya wafanyakazi 200 wakapunguzwa.

Siri kubwa ya gari hilo ilikuwa difyuza ya tabaka mbili, sehemu iliyo chini ya mkia wa gari inayoharakisha hewa ili gari ling'ang'anie barabara. Toyota na Williams nazo walikuwa na difyuza za namna hiyo. Wapinzani walilalamika, lakini Aprili 2009 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) ikaamua kuwa ni halali.

Jenson Button alishinda mbio sita kati ya saba za mwanzo. Baada ya hapo hakushinda tena msimu huo; wapinzani waliiga difyuza hiyo, na Brawn hakuwa na fedha za kuliboresha gari kwa kasi yao. Rubens Barrichello aliongeza ushindi mara mbili, na Oktoba 2009 mataji yote mawili, la dereva na la timu, yakapatikana nchini Brazil.

Mwezi uliofuata Mercedes ilitangaza kuinunua timu hiyo, ambayo baadaye ilitwaa ubingwa wa timu mara nane mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2021.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Honda ilichumia juani, ikaondoka kabla ya kivuli kufika. Umaskini haukulijenga gari lile. Lilijengwa na fedha zilizotumika mapema, na mwenye fedha hizo hakuwa na subira ya miezi michache tu.