Karatasi ya Syokimau, risasi za Githurai

Abiria wa matatu za Thika hupita Githurai 45 bila kugeuza shingo. Kando ya barabara mama mboga wamepanga nyanya mafungu mafungu, makanga wanaita Ruiru, Juja, Thika. Usiku wa Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipovamia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, mtaa huu wa eneo bunge la Ruiru ulilala na milio ya risasi. Watu walizima taa, wakarekodi kupitia madirisha. Kulipopambazuka, kila mtu alikuwa na hesabu yake ya maiti. Mitandaoni zilitajwa mamia. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu 39 nchi nzima kufikia Julai 1.

Mabishano ya hesabu huwafaa waliofyatua risasi. Wananchi wakigombania idadi, hakuna anayeuliza nani alitoa amri.

Agosti 2025 Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Profesa Makau Mutua kushughulikia fidia ya waathiriwa wa maandamano. Mahakama Kuu ya Kerugoya ikalisimamisha mwezi uliofuata. Fidia ni haki ya familia, na isicheleweshwe. Lakini hundi inayotangulia uchunguzi inanuka chai ya kumfunga mtu mdomo.

Kesi ya wakili Willie Kimani ilionyesha njia nyingine. Mteja wake, mwendesha bodaboda Josephat Mwenda, alikuwa amepigwa risasi na polisi Fredrick Leliman, akathubutu kulalamika. Juni 23, 2016 Kimani, Mwenda na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitoka mahakama ya Mavoko wasifike nyumbani. Wakiwa wamefungiwa katika kituo cha polisi cha Syokimau, kikaratasi cha chooni chenye ujumbe wa kuomba msaada kilirushwa nje, mpita njia akakiokota. Wiki moja baadaye miili iliopolewa mtoni Ol Donyo Sabuk, si mbali na Thika.

Ilichukua miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja, mtoa habari wao. Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo. Leo hakuna anayebishana Kimani aliuawa na nani. Na tukubali: mawakili waliandamana, mashirika yakapiga kelele. Kijana wa Githurai hana chama cha mawakili nyuma yake.

Ndiyo maana inaudhi kwamba sheria ya kuunda idara huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha, vikiwemo vya mikononi mwa polisi, ilipitishwa 2017 na ikaachwa kabatini. Wabunge wa Ruiru na Thika waibebe hoja hiyo Bungeni, waulize bajeti yake iko wapi. Video za usiku ule wa Githurai bado zimo kwenye simu za watu, na simu hizo huibwa, huvunjika, huuzwa kila siku.