Hewa Safi Ni Sehemu ya Tiba ya Mgonjwa wa Ubongo

Moshi ukitajwa, watu wengi hufikiria kikohozi, pumu na macho yanayowasha. Ni wachache wanaofikiria ubongo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa kiharusi au mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson aweza kupewa dawa kwa saa zake na kukandwa viungo kwa uangalifu, kisha akalazwa katika chumba kinachopakana na jiko la kuni. Makala haya yanashikilia kwamba jambo hilo si dogo, na kwamba hewa anayovuta mgonjwa huyo yapasa kuhesabiwa miongoni mwa tiba zake.

Ubongo wa mtu mzima una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mkaa unapowaka mahali penye hewa haba, mwako haukamiliki, na hutoka gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo hubaki na njaa.

Hatari ya pili ni chembechembe laini za moshi, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu huzizidi unene zaidi ya mara 20. Chembe hizo hufika hadi ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo mno huingia katika damu, ambamo hudhuru mishipa na kuongeza hatari ya damu kuganda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukitaja kiharusi miongoni mwa magonjwa makuu yanayosababishwa na hewa chafu. Mwaka 2016, Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzake walieleza kuwa walikuta chembe za magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku, katika bongo za marehemu walioishi Manchester na Mexico City. Umbo la mviringo la nyingi kati ya chembe hizo liliashiria kuwa zilitokana na joto kali la nje ya mwili. Mwaka 2020, tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliiongeza hewa chafu katika orodha ya mambo yanayozidisha hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walipikia kuni na wakaishi miaka mingi. Hoja hii huwahesabu walionusurika na kuwasahau waliokwisha zikwa. Tena, mtu mwenye afya moshi ukimzidi hutoka nje. Aliyepooza hawezi kutoka. Mwenye Parkinson mara nyingi hukohoa kwa udhaifu, asiweze kusafisha kifua. Aliyepoteza kumbukumbu huenda asiweze hata kueleza kuwa kichwa kinamuuma. Hawa huvuta hewa waliyochaguliwa na wengine.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, ila mgonjwa hawezi kuingoja miaka yote hiyo. Yafaa kaya zenye wagonjwa wa namna hii zitangulizwe kila majiko au mitungi ya gesi inapotolewa kwa ruzuku. Yafaa pia mganga, anapoandika dawa, aulize jiko liko wapi. Kwa sasa, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, kuni zikaushwe vema, upishi ufanyiwe penye hewa ya kutosha, na taka zisichomwe karibu na dirisha la mgonjwa.

Walimu wana nafasi yao. Mwako usiokamilika hufundishwa katika kemia, na mfumo wa neva katika biolojia, kana kwamba mambo hayo hayajuani. Yaunganishwe. Mwanafunzi aliyeelewa masomo hayo mawili anao ujuzi wa kutosha kurudi nyumbani na kusogeza kitanda cha babu yake mbali na moshi leo hii.