Theluthi Iliyobaki Ni ya Nani?



Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema kwamba makato yote ya mshahara wa mfanyakazi yasizidi theluthi mbili. Maana yake, mwenye mshahara wa shilingi 15,000 hana budi kutiwa mkononi si chini ya 5,000. Sheria hii ni njema. Lakini sisi wa Mghange, tunaoshuka Wundanyi, Mwatate na Voi kutafuta riziki na kupanda mlima tena mwisho wa mwezi, twaona kwamba hata theluthi hiyo haifiki nyumbani. Inaliwa njiani, na anayeila hayumo katika karatasi ya mshahara.

Tutazame mambo ya mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi. Mwezi wa Januari, watoto wakirudi shule, alikopa shilingi 5,000 kwa mtu wa kukopesha huko mjini. Riba ilikuwa shilingi 300 kwa kila elfu, kila mwezi. Hakuandikiwa hati, alichukuliwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ulipoingia, mkopeshaji alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akatoa 1,500 zake, akamwachia mabaki. Kufika mwisho wa Mei alikuwa amekwisha kutoa shilingi 6,000, na deni lilikuwa lile lile 5,000. Yeye alidhani analipunguza. Kumbe zote zile zilikuwa riba tupu.

Wako watakaosema, "Ujinga wake mwenyewe." Sisi hatukubali. Mtu huyu si mlevi wala mpotevu wa fedha. Mshahara wake ulichelewa siku kumi na moja, na shule haingoji. Mitego ya namna hii hutegwa mahali ambapo mfanyakazi hana njia nyingine ya kupita. Kwa hiyo kudai mshahara ulipwe kwa tarehe yake ni sehemu ya jambo hili hili, na tutazidi kudai.

Alipobanwa akageukia simu. Hapa yafaa tufanye hesabu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akisikia saba na nusu huona ni kidogo. Basi kopa 4,000: ada ni 300. Lipa, kopa tena mwezi ujao, kama wengi wetu tufanyavyo, na mwaka ukiisha umetoa 3,600 kwa kutumia 4,000 zile zile. Na hiyo ilikuwa huduma ya benki yenye kujulikana! Baada yake zilikuja programu nyingi za mikopo, nyingine zikikata ada kabla hujaona fedha, nyingine zikiomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyaweka kwenye simu. Mwenzetu alibonyeza kukubali bila kusoma. Tarehe ilipopita, simu ikalia kwa mama mkwe wake, naye akaambiwa kwamba mumewe binti yake ni mwizi. Hatuna haja ya kuwaeleza ninyi uzito wa jambo hilo. Miezi miwili mtu mzima alikuwa akizunguka njia ya nyuma asipite mbele ya nyumba ya wakwe zake.

Ijulikane basi kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwasumbua watu walioandikwa katika simu yake. Benki Kuu pia hutangaza orodha ya wakopeshaji wenye leseni. Ukitishwa, usifute ujumbe kwa hasira. Uweke, maana ndio ushahidi.

Tungesema kila mtu aingie Sacco tukamaliza. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kwa zile 5,000, mwezi wa kwanza ni shilingi 50, na yule bwana wa mjini alichukua 1,500. Lakini tusilale. Ukaguzi wa KUSCCO, chama cha juu ambako Sacco nyingi ziliweka fedha zao, uliotangazwa mwaka 2025, ulitaja upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13. Kwa hiyo katika mkutano wa mwaka tusijadili gawio peke yake. Tuulize akiba yetu imewekwa wapi, na nani ameikagua. Na kabla ya kumdhamini mwenzako, jua kwamba akishindwa yeye, utakatwa wewe.

Mwenzetu, baada ya kuja kwa kamati, alikwenda benki akabadilishiwa kadi na namba ya siri. Mkopeshaji alikuja juu kwanza, kisha mbele ya wazee wawili akakubali kulipwa 5,000 zake kwa mafungu matano bila riba. Fungu la tatu limelipwa juzi. Mwenye shauri kama hilo amwone katibu wa tawi, naye aje na karatasi zake za mshahara za miezi mitatu. Mwajiri asiyetoa karatasi hizo anavunja kifungu cha 20 cha sheria ile ile, na jina lake pia tunalitaka.