Nyota begani, mtoto mgongoni!

Wiki hii nataka tuongee habari za maafande wa kike. Sisemi wale wa kukimbizana na bodaboda pale stendi, nasema wale wenye nyota zao begani, wakipita hata njagu wa kiume anabana mikono na kupiga saluti.

Mwaka 2024 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wetu wa Simiyu alikuwa mwanamama, Kamishna Msaidizi Edith Swebe. Hapa Bariadi kijiweni ilikuwa kasheshe. Wazee wa kahawa walitikisa vichwa: huku kwa wafugaji na wakulima wa pamba, watu tuliolelewa na sungusungu, midume mitupu na filimbi zao, leo amri zitoke kwa mama? Mshikaji mmoja, fundi baiskeli, akauliza eti nyumbani mume wake anapiga saluti kabla ya kula ugali. Tulicheka weee!

Wala hakuwa wa kwanza. Suzan Kaganda alishika Polisi mkoa wa Tabora, akapanda mpaka Kamishna wa Utawala na Menejimenti ya Rasilimali Watu, halafu akateuliwa balozi wetu Zimbabwe. Kenya mwaka 2013 walimpa Grace Kaindi unaibu Inspekta Jenerali. Zambia ndio kiboko, mwaka 2012 Stella Libongani akawa IGP kamili. Sisi bado. Tangu uhuru hadi Camillus Wambura, aliyeteuliwa Julai 2022, kiti hicho ni cha wanaume tu.

Wengi wanasema wakubwa wanawabania. Inawezekana, ila mimi naangalia huku chini. Ngazi ya polisi ni ndefu jamani: konstebo, koplo, sajenti, mkaguzi, mrakibu, mpaka uitwe kamishna mvi zimeshakuota. Kwa hiyo kamanda wa kike wa mwaka 2050 ni binti anayetafuta ajira sasa hivi. Na matangazo ya ajira ya miaka hii ya karibuni yanataka kijana wa kidato cha nne awe na miaka 18 hadi 25, hajaoa wala kuolewa, na hana mtoto.

Utasema sharti ni sawa kwa wote. Sawa wapi! Mvulana anaweza kuwa na mtoto Maswa na mwingine Meatu, akaingia kwenye usaili anachekelea, nani atamjua? Msichana mimba yake mtaa mzima uliiona. Tena huku kwetu, ambako binti akimaliza la saba kuna wazee wanaanza kuhesabu ng'ombe! Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikubali binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia. Rebeca Gyumi akaenda nayo mahakamani, akashinda 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia. Novemba 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi shule. Safi sana. Anarudi, anakomaa, cheti anapata, halafu mlango wa depo Moshi unamwambia una mtoto.

Najua kuna watakaosema kwata na kunyonyesha haviendi pamoja. Mwenye kichanga asubiri, sikatai. Lakini mtoto wa miaka 4 anayelala kwa bibi yake anamzuiaje mama yake kukimbia mchakamchaka? Mbona maafande walio kazini wanazaa na likizo ya uzazi wanapewa?

Na si suala la nyota tu. Binti aliyepigwa usiku akifika kaunta akakuta wanaume wanne wanasikiliza mpira redioni, atasema ameanguka, atageuza arudi kwa huyo huyo aliyempiga. Madawati ya jinsia na watoto yapo, lakini lazima kuwe na mwanamke wa kukaa hapo, na huyo anatoka kwenye hizo fomu.

Mtaani kwetu kuna dada mmoja alimaliza kidato cha nne baada ya kujifungua. Mbio anazo, na sauti ya kusimamisha kibaka anayo. Tangazo la ajira lilipotoka tulilisoma wote kwenye simu yangu. Alipofika pale penye mtoto akanirudishia simu, akaenda kuanua nguo. Baba wa mtoto, waliosoma darasa moja, alituma maombi jioni ile ile.