Kikombe cha Nyonga Hakitengenezwi kwa Kusubiri

Mwandishi aliyedai kwamba anayevunjika kikombe cha nyonga alazwe tu na kuvutwa mguu kwa uzito, kwa kuwa upasuaji ni anasa, amekosea, na kosa lake linaweza kulemaza watu.

Nakubaliana naye jambo moja: ufa ambao vipande vyake havijahama mara nyingi hauhitaji kisu. Lakini kijana aliyegonga goti kwenye dashibodi, kichwa cha fupaja kikasukumwa nyuma na kubomoa ukuta wa kikombe, huyo hafungwi uzito akaachwa. Gegedu la ndani ni laini kama yai lililomenywa. Kipande kikiinuka milimita mbili tu, hulikwangua kila hatua hadi nyonga isagike. Ndiyo maana madaktari wapasuaji Judet na Letournel wa Ufaransa, waliochapisha uainishaji wao mwaka 1964, walishikilia kurudisha kila kipande mahali pake.

Anasema upasuaji wenyewe ni hatari. Ni kweli: mfupa umejificha chini ya misuli minene, neva kuu ya mguu inapita jirani, damu hutoka nyingi. Lakini kuchelewa huzidisha ugumu. Baada ya wiki tatu mfupa mpya umeshafunika mivunjiko, na daktari hulazimika kuubandua kabla ya kupanga chochote. Mgonjwa amesubiri picha ya CT, amesubiri damu, amesubiri fedha za vyuma, kisha tunalaumu kisu? Lawama iende kwenye rufaa iliyokwama. Nyonga iliyoteguka irudishwe ndani ya saa chache, na mgonjwa ahamishiwe hospitali ya rufaa siku za kwanza.