Daftari la Wiki: Ratiba ya Mboghoni

Njia ya Taveta

Kutoka Voi hadi Taveta siku hizi ni lami. Unaipita Mwatate, unaipita Bura na Maktau, unakata ndani ya Tsavo Magharibi, na mawingu yakikuhurumia Kilimanjaro inajitokeza mbele yako. Reli iliyopita njia hiyo ilianza kujengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915, ipeleke askari wakapigane na Wajerumani. Abiria wa leo ni wengine. Likizo ya Agosti ikifika, mabasi huja na vijana wa makanisa na vyuo, fulana za rangi moja, maandishi ya upendo mgongoni. Wiki hii nimefuatana na kundi moja la wanafunzi wa chuo, Wakenya wenzetu, walioshukia Taveta na kuelekea wadi ya Mboghoni, kwenye migomba na mifereji. Walikuja kujitolea kwa vijana wa huko.

Siku ya soko

Ratiba yao ilikuwa imechapishwa ikachapika. Jumatano, saa tatu asubuhi: semina ya vijana, mada "Kusudi la Maisha". Saa nne ilipogonga, kanisani kulikuwa na watoto wachache wa chekechea na bibi mmoja aliyekuja kupumzisha miguu. Vijana wenyewe hawakuonekana.

Mwenyeji yeyote angewaambia sababu. Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Kijana wa Mboghoni mwenye nguvu siku hiyo yuko sokoni akipakia mikungu ya ndizi kwenye malori ya Mombasa na Nairobi, au yuko juu ya boda akibeba wateja, na pesa anayopata ndiyo unga wa jioni. Viongozi wa msafara walimwendea mama anayefundisha shule ya Jumapili, wakamuuliza mbona hakuwatahadharisha.

"Hamkuniuliza, wanangu," akasema. "Mliniletea ratiba."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Taabu ya wageni wa siku hizi ni kwamba huja na majembe yao, na mahali pa kulima wameshapachagua.

Maji na tembo

Soko si kikwazo pekee. Kilimo cha Taveta kinategemea maji ya chemchemi kama Njoro Kubwa, na maji ya mfereji ni ya zamu. Zamu ya nyumbani kwenu ikianguka usiku, kijana hulala shambani na jembe, akifungua na kuziba, na asubuhi hana macho ya kusikiliza mawaidha ya mtu. Halafu kuna tembo. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta, na wanyama hawajui mpaka. Mkutano wa vijana unaokwisha magharibi unamweka mzazi roho juu. Kwa hiyo anayewapenda watoto hawa huwaruhusu mapema, hata kama wimbo wa mwisho haujaimbwa.

Daftari la kocha

Niliyemtazama zaidi ni kocha wa timu ya vijana, mwanamume wa makamo ambaye riziki yake ni ndizi. Uwanja wake una mteremko, na goli la upande wa chini halina nyavu. Kinachomtofautisha ni daftari la shule la kurasa themanini, jalada limeshikiliwa na selotepu. Ndani kuna majina ya wachezaji, na kwa kila siku ya mazoezi ambayo mtu hakuja, kocha ameandika neno moja kwa kalamu ya bluu: "maji", "soko", "karo", "homa". Kuna mvulana mmoja ambaye safu yake yote ya muhula uliopita ni neno hilohilo, "Mombasa". Alitoroka kwenda kutafuta kazi. Jina lake halijafutwa.

Nilimuuliza kwa nini anamweka. "Akirudi atauliza namba yake ya jezi," alinijibu, akaendelea kupuliza mpira kwa pampu ya baiskeli.

Upendo usio na masharti tumeuhubiri mpaka umekuwa pambo la fulana. Kwa kocha huyu ni kazi ya uandishi: kujua kila asiyekuja yuko wapi, na kumwekea nafasi. Linganisha na desturi tunayoijua sote, ya misafara kugawa viatu kwa waliohudhuria siku zote na daftari kwa waliokariri aya. Aliyekuwa kwenye zamu ya maji hapati kitu. Hayo ni masharti, tena anayeumia ni mwenye shida zaidi.

Hawa si wa kwanza

Taveta imepokea wasafiri wa nia njema kwa zaidi ya karne moja. Wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walihamia huko kutoka Moshi mwaka 1892. Baada ya uhuru Kenya ilipokea vijana wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani, mpaka walipoondolewa mwaka 2014 kwa sababu za usalama.

Jirani zetu Watanzania waliamua kuwatuma vijana wao wenyewe: Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963. Wasomi walipolazimishwa kujiunga, na kukatwa mshahara, mwaka 1966 waliandamana Dar es Salaam. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi kwa mamia, kisha akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa mawaziri pia. Alielewa kwamba huwezi kumdai kijana ajitoe huku wewe hujatoa.

Na mwaka 1968 padri Ivan Illich aliwaambia wazi vijana wa Marekani waliokwenda kusaidia vijiji vya Mexico: njooni kutembea, njooni kusoma, lakini msije kusaidia. Mimi siendi mbali hivyo. Ila ningependa hotuba ile isomwe ndani ya basi, mahali fulani kati ya Maktau na Taveta.

Kukumbatia na kuondoka

Kuna wasafiri wanaotaka makao ya watoto tu, kwa kuwa huko mtoto hukurukia shingoni dakika ya kwanza. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 unataka watoto warudishwe kwenye familia katika miaka kumi. Mtoto anayemrukia kila mgeni huenda ameshaachwa na wageni wengi. Picha nzuri ya simu haimsaidii.

Msichana aliyekwenda sokoni

Nimalizie na la kutia moyo. Semina ilipokwama, msichana mmoja wa msafara aliomba kuliona daftari la kocha, akasoma majina, kisha akapanda boda akaenda sokoni kuwatafuta wenyewe. Walimcheka, wakampa mkungu abebe. Jioni alirudi na utomvu wa ndizi kwenye fulana, doa lisilotoka, na mazungumzo aliyofanya nao juu ya karo, mipaka na kazi yalikuwa marefu kuliko semina yote. Aliniambia anabadilisha likizo yake ya Desemba ili arudi.

Basi, wewe unayepanga safari ya kujitolea, piga simu kabla ya kuchapisha chochote. Uliza siku ya soko, uliza zamu ya maji, uliza giza linaingia saa ngapi. Chagua kijiji kimoja, na nauli ya mwaka wa pili iweke kando kabla hujalipia fulana za mwaka wa kwanza. Zikibaki shilingi, mtafute kocha wa kijiji hicho umnunulie mipira. Yeye atakuwepo basi lenu likishaondoka.